Akiba huwekwa mwaka wa mavuno

Barua za mwezi huu nyingi zimegusa jambo moja, kila moja kwa upande wake: kisiwa kidogo kama chetu hapa Zanzibar, kinachouza vitu vichache na kununua karibu kila kitu kitajilinda vipi siku mambo yakiharibika? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu hizo nyengine zote zinaiegemea.

*Assalaamu alaykum Mwalimu. Nauza vitambaa na mapazia Darajani. Nikienda Guangzhou kufuata mzigo hupitia Hong Kong. Safari hii mwenyeji wangu alinambia kuwa serikali yao ina akiba kubwa sana, na haikutokana na mafuta wala dhahabu. Mji ule kwa eneo ni mdogo kuliko Unguja peke yake. Sisi tuna karafuu, tuna mwani, tuna watalii. Kwa nini wao waweke akiba na sisi kila bajeti iwe ni mikopo? Na je, tungetaka, tungeweza?*
*Mfanyabiashara, Darajani*

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Tungeweza, ndugu yangu, na nitakueleza kwa nini naamini hivyo. Lakini kwanza tutenganishe akiba mbili ambazo watu huzichanganya kila mazungumzo haya yanapoanza.

Iko akiba ya fedha za kigeni. Hizo ni dola, euro na dhahabu anazoziweka mwenye sarafu ili sarafu yake isiporomoke na nchi iweze kulipia mafuta, mchele na dawa. Hiyo kwetu imo mikononi mwa Benki Kuu ya Tanzania, kwa sababu sarafu, mabenki na fedha za kigeni ni mambo ya Muungano. Yaliingizwa katika orodha mwaka 1965, na Benki Kuu ikafungua milango yake mwaka uliofuata. Lengo lake ni kuwa na akiba ya kuagizia bidhaa na huduma kutoka nje kwa muda usiopungua miezi 4.

Halafu iko akiba ya bajeti. Serikali inakusanya zaidi ya inavyotumia, na ile ziada inaiweka mahali isiguswe ovyo. Akiba hii haihitaji uwe na sarafu yako. Inahitaji uwe na bajeti yako, na Serikali ya Mapinduzi inayo. Ina Mamlaka ya Mapato yake, ina Baraza la Wawakilishi linalopitisha makadirio kila mwaka. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa akiba ni jambo la Dodoma na si letu, anasema kweli kwa ile ya kwanza tu.

Hong Kong wanazo zote mbili. Mfuko wao wa kulinda sarafu ulianzishwa mwaka 1935. Mwaka 1983, Uingereza na China zilipokuwa zikizungumza juu ya hatima ya mji ule, watu waliingiwa na khofu, na mwezi wa Septemba dola yao ikaanguka mpaka 9.6 kwa dola moja ya Marekani. Tarehe 17 Oktoba mwaka huo wakaifunga kwenye 7.80. Tangu 2005 inaruhusiwa kucheza baina ya 7.75 na 7.85, basi. Wewe mwenyewe ukibadilisha pesa pale uwanja wa ndege unaona kuwa bei haiendi mbali mwaka hadi mwaka.

Sasa tazama gharama ya kufunga sarafu namna ile. Riba yao inafuata ya Marekani, wapende wasipende. Biashara ikidorora hawawezi kuishusha dola yao ili bidhaa zao ziwe rahisi nje. Hapo ndipo wanapofanana na sisi kuliko watu wanavyodhani. Shilingi ni moja kutoka Kigoma mpaka Konde. Karafuu zikikosa, au watalii wakikatika, hakuna mtu Vuga, kwenye ofisi za serikali yetu, anayeweza kusema mwaka huu tuishushe shilingi kwa ajili ya Zanzibar.

Asiyeweza kushusha sarafu, mambo yakiharibika amebakiwa na njia mbili. Ama bei na mishahara vishuke ndani kwa ndani, ama serikali itoe akiba iliyowekwa. Hong Kong walipitia zote mbili. Baada ya msukosuko wa Asia ulioanza 1997, bei za nyumba zao zilishuka kwa zaidi ya nusu ifikapo 2003, bei za vitu madukani zikawa zinashuka miaka kadhaa mfululizo, na hata watumishi wa serikali walipunguziwa mishahara. Yalikuwa machungu makubwa. Lakini hospitali na skuli ziliendelea kwa sababu serikali ilikuwa na pa kushika. Na mwezi wa Agosti 1998, walanguzi walipoiandama sarafu na soko la hisa kwa pamoja, serikali iliingia sokoni ikanunua hisa za dola za Hong Kong bilioni 118. Walanguzi wakarudi nyuma. Hisa zile baadaye zikaanza kuuzwa kwa wananchi kidogo kidogo. Serikali isiyo na akiba ingebaki kutoa matamko tu.

Waliipataje? Sehemu kubwa ni ardhi. Serikali ndiyo yenye ardhi na huikodisha kwa miaka mingi, na mwaka wa neema wajenzi humwaga fedha. Wao hawakuihesabu fedha ile kuwa ni mshahara wa kila mwezi. Sheria yao ya msingi, iliyoanza kutumika 1997, kifungu cha 107, inaitaka serikali itumie kwa kadiri ya mapato na ijitahidi kuepuka nakisi, yaani matumizi kuzidi mapato. Miaka ya karibuni akiba ya bajeti ilipindukia trilioni 1.1 za dola zao. Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 waliwapa watu wazima wakaazi wa kudumu dola 10,000 kila mmoja, mauzo ya ardhi yakapungua, na kufikia Machi 2024 akiba ilikuwa imeshuka mpaka bilioni 734 hivi. Wako wanaolia juu ya hilo. Mimi sioni aibu ya kutumia akiba siku ya shida. Iliwekwa kwa hilo. Wasiwasi wangu kwao ni kuwa pato la ardhi likichelewa kurudi, watakuwa wanakula akiba kwa matumizi ya siku zote.

Sasa tuje nyumbani, maana na sisi tuliwahi kuwa nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 karafuu zilikuwa na bei, mnunuzi mkubwa akiwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa katika sigara zao za kretek. Zanzibar ilikuwa na akiba nzuri ya fedha za kigeni. Na wakati huo huo mchele, unga na sukari vilikuwa haba, sisi huku Pemba tukila muhogo asubuhi na jioni. Wapemba wa umri wangu hawahitaji kusimuliwa. Akiba ilikuwepo na watu walikuwa na njaa. Baada ya 1972 mkono ulifunguliwa: majumba ya Michenzani yakaendelea, televisheni ya rangi ikaja kabla ya nchi nyingi za Afrika. Nyingi ya kazi zile zilikuwa za kheri. Lakini hapakuwa na kanuni iliyosema kiasi gani kitumike na kiasi gani kibaki. Kumbe Indonesia walikuwa wamepanda mikarafuu yao. Miaka ya 1980 ikazaa, wakajitosheleza, bei ikaporomoka, na sisi tukabaki na majumba yanayotaka ukarabati na hazina isiyo kitu.

Ndiyo maana nasisitiza kanuni kuliko kiasi. Akiba isiyo na kanuni inaweza kufungiwa watu wakiteseka, na inaweza kumalizwa watu wakishangilia. Zote mbili tumeziona.

Karafuu ya leo ni mtalii. Mwaka 2019 waliingia wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 wakawa kama 260,000. Vijana wetu waliokuwa wakifanya kazi Nungwi na Kiwengwa walirudi na mabegi yao kwenye bandari ya Mkoani, na familia zikarudi kwenye mwani na muhogo. Mwaka 2024 wageni walipindukia 736,000. Hii basi ndiyo miaka ya mavuno, na mwaka wa mavuno ndio wa kuweka.

Ningeulizwa, ningesema hivi. Pato linalopanda na kushuka pamoja na wageni, kama ada za viwanja vya ndege na kodi za mahoteli, lisibebeshwe peke yake mishahara na ahadi za kudumu. Iwekwe sheria kuwa kila mwaka pato hilo likizidi wastani wa miaka kadhaa iliyopita, sehemu ya ziada iende kwenye mfuko. Sheria hiyo hiyo itaje ni msiba wa aina gani unaofungua mfuko, na nani anatia saini. Na hesabu zake zisomwe Barazani hadharani. Botswana, ambayo watu wake hawatuzidi sana (sisi katika sensa ya 2022 tulikuwa 1,889,773), iliuanzisha Mfuko wa Pula mwaka 1994 kwa fedha za almasi. Almasi zilipokosa soko wakati wa msukosuko wa 2009, walikuwa na pa kuchota.

Utaniuliza: vipi tuweke akiba na huku tunakopa? Swali la haki. Ukiwa na deni la riba kubwa, kulilipa mapema ni akiba bora kuliko fedha iliyolala benki kwa faida ndogo. Kwa hiyo mfuko wa kuanzia usiwe mkubwa. Uwe wa kutosha kulipa mishahara, dawa na chakula cha hospitali kwa miezi michache bila kubisha hodi kwa mtu. Kilichozidi kipunguze madeni ghali. Na mkopo au sukuk (hati ya kukusanya fedha kwa njia ya Kiislamu, bila riba) ya kujenga bandari inayoingiza pato si sawa na mkopo wa kulipia matumizi ya mwezi. Usizihesabu katika kapu moja.

*Mwalimu, kwanza salamu. Mimi mkulima wa karafuu, Mtambwe. Tunaambiwa tunalipwa asilimia 80 ya bei ya nje. Hiyo 20 inakwenda wapi? Mbona mwenzangu aliyevusha Mombasa usiku alipata zaidi? Kama biashara ni huria, kwa nini nisiuze nitakako?*
*Mkulima, Mtambwe*

Nakujibu kama mtoto wa mkulima mwenzio. Najua kazi iliyomo ndani ya kilo moja. Mchumaji umlipe kwa pishi, usiku mzima nyumba nzima mkae mchambue makonyo, yaani vikonyo vyake, kisha uanike kwenye majamvi siku tatu nne huku jicho liko mawinguni. Ukishika moja ukaivunja ikakatika kwa sauti kavu, ndipo unapumua. Kituoni karani anatia mkono mpaka chini ya gunia, anatoa konzi, anatafuta mpeta (karafuu zilizoiva kupita kiasi) na makonyo, ananusa kama imeshika ukungu. Daraja moja ikishuka, jasho la wiki limeshuka nayo. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza senti yake iko wapi.

Tuseme kilo imeuzwa nje kwa shilingi 17,500. Asilimia 80 ni 14,000, ile bei ya daraja la kwanza tuliyoizoea kwa miaka mingi baada ya kupandishwa 2011. Zinabaki 3,500. Humo mna magunia, usafiri kutoka kituoni mpaka bandarini, maghala, mishahara ya makarani, meli, na miche inayogaiwa. Ikiwa matumizi hayo ni ya haki, bado kinabaki kitu.

Sasa tuseme bei ya nje imeshuka mpaka 13,000, nawe umeahidiwa kuwa hutashushiwa chini ya 14,000. Kila kilo unayopima ina hasara ya elfu moja kabla gunia halijashonwa. Nani analipa? Ikiwa ile 3,500 ya miaka mizuri iliwekwa, inalipa yenyewe. Ikiwa ilitumika kwa mambo mengine, basi ahadi ya bei ina nguvu ya bajeti ya mwaka ule tu, na bajeti ya mwaka mbaya ndiyo isiyokuwa na kitu. Kwa hivyo nakuomba ubadilishe swali lako kidogo. Badala ya kuuliza 20 inakwenda wapi, uliza: katika ile 20, kiasi gani kimewekwa kwa ajili ya bei ikianguka, na kiko wapi leo? Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, tangu 1968 ndilo mnunuzi wetu, na mnunuzi wa pekee anayo hoja moja tu ya kuwepo: kwamba atanibeba siku soko litakaponitupa. Hesabu ya akiba hiyo ningependa kuiona imebandikwa kila kituo, pembeni ya ubao wa bei, kwa maandishi makubwa.

Kuhusu Mombasa, sikushauri. Ni magendo, na mtu hupoteza mzigo, chombo na uhuru wake kwa usiku mmoja. Lakini nasema hili pia kwa wakubwa watakaosoma: karafuu huvuka bahari pale bei ya upande wa pili inapokuwa bora. Mwaka 2011 bei ya mkulima ilipopandishwa, karafuu zilirudi vituoni zenyewe. Askari wa pwani hawezi kufanya kazi ambayo bei nzuri inaifanya bila bunduki.

Na usisahau mwenzako wa Madagascar na wa Comoro. Naye anauza soko lile lile. Mnunuzi wa nje hajali historia yetu ya tangu Sayyid Said. Anatazama unyevu, usafi, harufu na bei. Pemba tulipata nafasi ya kwanza kwa sababu kimbunga cha 1872 kilifyeka mashamba ya Unguja kikatuacha sisi. Nafasi hiyo tunaishika kwa kupanda miche mipya mahali pa mikongwe na kwa kutokuchanganya karafuu mbivu na za kuanguka ili uzito upande. Hapa wakulima nasi tuambiane kweli.

*Mwalimu, nina nyumba ndogo ya kulaza wageni Jambiani, vyumba sita. Nilikuwa naweka bei kwa dola. Sasa natakiwa shilingi. Shilingi ikipanda ghafla wageni wananiona ghali, ikishuka nanunua vitu ghali. Nifanyeje?*
*Mama wa Jambiani*

Ndiyo, kanuni za 2025 zinataka bei za ndani ya nchi zitajwe na zilipwe kwa shilingi. Shilingi ikiimarika kwa haraka, kama ilivyofanya mwishoni mwa 2024, mgeni mwenye euro zake hupata shilingi chache zaidi, na chumba chako huwa ghali kwake bila wewe kuongeza hata senti. Hiyo huwezi kuizuia. Fupisha muda wa bei zako: tangaza bei ya msimu mmoja, si ya mwaka mzima, na upitie kila msimu unapoanza.

Ushindani wako hasa umo katika gharama unazoweza kuzigusa. Umeme kwanza. Unakumbuka Unguja ilivyokaa gizani mwezi mzima mwaka 2008, na tena kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa sababu ya hitilafu kwenye njia moja ya umeme kutoka bara. Waliokuwa na jenereta walilipa mafuta mpaka faida ikaisha. Wasiokuwa nayo walifunga. Paneli za jua za kuwasha taa, feni na pampu zinalipa ukizipigia hesabu ya miaka mitano. Pili, mboga. Nyanya na karoti zinazokuja kwa boti kutoka bara zina nauli, uchukuzi na zilizooza ndani ya bei yake. Wako kinamama wa Makunduchi na Bambi wanaolima. Wape oda ya kudumu na uwalipe kwa wakati, nao watakupa bei isiyorukaruka.

*Assalaamu alaykum Mwalimu. Nasoma uchumi hapa Tunguu, naandika tasnifu. Wenzangu wanasema Zanzibar ingekuwa na sarafu yake ingeshindana vizuri zaidi, ingeishusha ikitaka, kama walivyo Mauritius na Shelisheli. Wengine wanasema hata shilingi itaondoka, tutaingia sarafu ya Afrika Mashariki. Wewe unasemaje?*
*Mwanafunzi, Tunguu*

Waalaykumu salaam, mwanangu. Jambo la sarafu lina siasa yake na hisia zake, na kila mtu ana haki ya hisia zake. Mimi nitakaa upande wa mchele, yaani wa bei za vitu dukani.

Kushusha sarafu husaidia nchi inayotengeneza vitu vingi nyumbani kwake. Vya nje vinakuwa ghali, watu wanahamia vya ndani, na vya ndani vinauzika nje. Kisiwa kinachoagiza mchele wa mapembe, unga wa ngano, sukari, mafuta ya kula, saruji na dizeli kinahamia wapi? Bei zinapanda wiki ile ile, wafanyakazi wanadai nyongeza kwa haki yao, na baada ya muda mfupi ule wepesi wa bei umeliwa. Shelisheli wanayo sarafu yao. Mwaka 2008 akiba yao ya fedha za kigeni ilikauka, wakashindwa kulipa madeni ya nje, na mwezi wa Novemba wakaiacha rupia yao ielee. Dola moja iliyokuwa kama rupia 8 ikafika kama 16 kwa muda mfupi. Waliinuka, na leo wanasifiwa, lakini waliinuka kwa kubana bajeti na kujenga akiba upya chini ya programu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Sarafu peke yake isingewainua. Mauritius nao, ukiwasoma vizuri, walihama kutoka miwa kwenda nguo, utalii na huduma za fedha kwa miaka mingi ya skuli nzuri na sera tulivu. Usiwaeleze wenzako kuwa ni rupia iliyofanya hivyo.

Zanzibar nayo ilikuwa na rupia. Iliondolewa mwaka 1936 tukaingia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikisimamiwa na bodi ya sarafu iliyoundwa 1919. Kwa hivyo kuwa ndani ya sarafu kubwa si jambo lililoanza na Muungano. Kutokana na mgao uliorithiwa kwenye bodi ile ndipo yalipoanzia mabishano marefu ya fungu la Zanzibar katika Benki Kuu, na ile asilimia 4.5 ya gawio ambayo utaikuta katika makaratasi mengi. Soma na ibara za Katiba ya Muungano juu ya Akaunti ya Fedha ya Pamoja na Tume ya Pamoja ya Fedha, za 133 na 134. Mtu anayejadili sarafu ya Zanzibar bila kuzisoma anajadili hewa.

Sarafu moja na mabenki yaliyoungana yana faida ambayo vijana mmeizoea mpaka hamuioni. Mwanao aliye Dar anakutumia fedha kwa simu na Wete unaitoa dakika ile ile, bila kubadilisha, bila kupoteza kwa mbadilishaji. Mfanyabiashara anaagiza saruji Tanga bila khofu ya kiwango cha fedha. Lakini mlango ulio wazi hupitisha pande zote. Akiba ya mama muuza mwani aliyoiweka kwenye tawi la Chake inaweza kukopeshwa kwa mjenzi wa Dar, na mara nyingi uamuzi wa mkopo mkubwa hautolewi kwenye tawi. Hilo si wizi, ndivyo mabenki yanavyofanya kazi: fedha huenda kwenye dhamana na faida. Anayetaka ibaki hapa atengeneze hati za ardhi zinazoaminika, vitabu vya hesabu vinavyosomeka na ushirika wenye wakaguzi. Ukiniuliza tasnifu ipi hasa ingenifurahisha, ni hiyo: kati ya fedha zinazowekwa kwenye matawi ya Pemba, kiasi gani hukopeshwa Pemba?

Ama sarafu ya Afrika Mashariki, itifaki yake ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikakusudiwa iwe tayari 2024, na sasa tarehe imesogezwa mpaka 2031. Vigezo ni vinne vikubwa: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti pamoja na misaada isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50 ya pato hilo kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagizia vitu vya nje kwa miezi 4.5. Vigezo hivi vinapimwa kwa Tanzania nzima. Zanzibar haina mstari wake. Tanzania inaweza kufaulu vyote mwaka ambao Unguja haina wageni na Pemba haina karafuu, na jedwali la Jumuiya kule Arusha lisionyeshe chochote.

Kwa hiyo katika tasnifu yako weka jedwali la pili. Chukua makadirio ya Serikali ya Mapinduzi na hesabu zilizokaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa Zanzibar, kuanzia 2018 mpaka mwaka wa mwisho uliochapishwa. Tenganisha pato linalotegemea wageni na karafuu na lile lisilotegemea. Kisha jiulize: 2020 ikijirudia mwakani, mishahara italipwa miezi mingapi kabla serikali haijakopa? Ukipata jibu nitumie, nitalichapisha hapa kwa ruhusa yako.